Kutoka Maandamano hadi Baraza la Mawaziri: Safari ya Kisiasa ya Camila Vallejo nchini Chile

Je, kiongozi wa wanafunzi anapoingia serikalini, huyasaliti madai yake au huyatekeleza? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea safari ya kisiasa ya Camila Vallejo. Akiwa mwanafunzi wa jiografia na mwanachama wa umoja wa vijana wa Chama cha Kikomunisti, alichaguliwa mwaka 2010 kuwa rais wa Shirikisho la Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chile, lililoasisiwa mwaka 1906. Mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano makubwa yaliyodai elimu ya umma bila ada na kukomeshwa kwa utafutaji faida katika elimu. Mwaka huohuo alishindwa na Gabriel Boric katika uchaguzi wa shirikisho.

Mwaka 2013 Vallejo alichaguliwa kuwa mbunge. Elimu ya juu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini kwa wanafunzi wa familia za kipato cha chini tu. Mwaka 2017 alishiriki kuwasilisha muswada wa kupunguza saa za kazi kwa wiki kutoka 45 hadi 40. Muswada huo ulipitishwa mwaka 2023, Boric akiwa rais wa nchi na Vallejo akiwa waziri na msemaji wa serikali yake; hata hivyo, utekelezaji wake ni wa awamu hadi mwaka 2028.

Kwa hiyo, neno usaliti halitoshi kuieleza safari hii. Dai likitoka barabarani na kuingia bungeni hupata nguvu ya sheria, lakini hulipia nguvu hiyo kwa miaka ya kusubiri na kwa sehemu ya ukamilifu wake.