Bei Hujionyesha, Uwezo Hutafutwa

Wahenga walisema rahisi ghali. Wahenga hao hao wakasema mchagua jembe si mkulima. Yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya kununua kitu kwa fedha ya umma amezisikia methali hizi mbili zikigombana mezani. Aghalabu inayoshinda ni ile inayowawahisha wajumbe kurudi nyumbani.

Mimi nilizisikia mwaka 2003, katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Tosamaganga. Ilikuwa miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ambapo Serikali ilileta fedha za kujengea madarasa mpaka mikononi mwa kamati za shule. Kuta za darasa letu zilikuwa zimesimama, likabaki paa. Mafundi watatu walileta makadirio yao. Wa juu kuliko wote alikuwa mzee mmoja aliyejifunza useremala kwa mabruda wa misheni. Wa chini alikuwa kijana kutoka mjini, mwenye maneno matamu na karatasi zilizopigwa chapa. Mvua za Novemba zilikuwa zinakaribia. Nilikuwa wa kwanza kusema kwamba fedha ile si yetu, ni ya wananchi, na hatuna haki ya kuchukua bei kubwa wakati ndogo ipo. Nilipigiwa makofi.

Januari upepo uliondoa paa lile usiku wa Jumapili. Kenchi zilikuwa za mbao mbichi. Zilipokauka zilipinda, misumari ikalegea, bati zikaondoka na upepo. Lingetokea kesho yake saa tatu asubuhi, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nilimfuata yule mzee kumwomba aje atazame. Hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, mliniuliza bei gani. Hakuna aliyeniuliza mbao imekatwa lini."

Neno hilo limekaa nami zaidi ya miaka ishirini. Nalikumbuka kila nisikiapo ugomvi wa zabuni, mkubwa kwa mdogo.

Chukua mambo ya mwaka 2006. Mto Ruaha Mdogo, upitao Kalenga chini ya kilima cha Tosamaganga, hupeleka maji yake Ruaha Mkuu, yakaingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu. Kwa hiyo maji ya mabonde yetu ndiyo taa za Dar es Salaam. Ukame wa msimu ule ulikausha mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, na Serikali ikatafuta mitambo ya kukodi kwa haraka. Juni 2006 mkataba wa megawati 100 ulitiwa saini na kampuni ya Richmond, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Marekani. Mitambo ilichelewa. Mvua zilinyesha mwishoni mwa mwaka kabla kazi haijakamilika, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans.

Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, mkoani Mbeya. Kamati ilifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla ya kalamu kugusa karatasi: iliifuatilia kampuni yenyewe mpaka Houston. Taarifa iliyosomwa bungeni Februari 2008 ilisema kampuni ile haikuwa na fedha wala uzoefu wa kazi iliyopewa. Ilieleza pia kwamba Tanesco ilibanwa na mkataba wa kulipa kiasi cha shilingi milioni 152 kwa siku, umeme uzalishwe au usizalishwe. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akisema kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Mawaziri wawili walimfuata, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru Tanesco iilipe Dowans zaidi ya dola milioni 65.

Sisemi kwamba Richmond ilichaguliwa kwa sababu ya urahisi. Nasema kosa lilikuwa lile lile la kamati yetu: karatasi zilisomwa, uwezo haukwenda kutazamwa.

Ukitaka kisa kinachogusa bei yenyewe, liko shauri la maji ya Dar es Salaam. Kampuni tatu zilipitishwa kushindania kazi ya kuendesha huduma hiyo, lakini zabuni iliyowasilishwa ilikuwa moja tu, ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Kampuni yao ya City Water ilianza kazi Agosti 2003. Mapato hayakufika pale hesabu zao ziliposema yangefika, na mwaka 2005 Serikali iliuvunja mkataba. Jopo la usuluhishi lililotoa uamuzi Julai 2008 liliiona Tanzania na makosa kwa namna ilivyowaondoa, lakini halikuamuru fidia yoyote, na lilisema wazi kwamba zabuni ya wawekezaji wale haikupangwa vizuri tangu mwanzo. Naam, bei isiyoweza kubeba kazi yake si nafuu. Ni deni ambalo siku yake ya kulipwa haijafika.

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kwamba dawa ni kuipuuza bei. Neno "uwezo" nalo lina maficho yake. Ofisa anayetaka kumpa kazi shemeji yake hawezi kusema bei ya shemeji ni ndogo wakati takwimu zinamkana. Atasema wengine hawana uwezo. Na kijana anayedaiwa uzoefu wa miaka kumi ataupata wapi ikiwa hapewi kazi ya kwanza? Ndiyo maana sheria zetu za ununuzi hutaka sifa zitajwe katika kabrasha la zabuni kabla ya bei kufunguliwa, zisizuliwe baada yake, na mwenye bei ya chini aliyeangushwa anaweza kudai sababu na kukata rufani katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Ndiyo maana pia sehemu ya manunuzi imetengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Uwezo upimwe kwa ukubwa wa kazi. Anayetengeneza madawati ishirini asiulizwe maswali ya mjenga daraja.

Tofauti kubwa ninayoiona ni hii. Bei hujionyesha yenyewe; hata asiyejua kazi anaweza kutambua kwamba nane ni ndogo kuliko kumi. Uwezo haujionyeshi. Sharti mtu ainuke kitini, apande baiskeli au ndege, akatazame kazi ya jana ya huyo anayeomba kazi ya leo. Mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023 unapanga zabuni vizuri na kupunguza ujanja wa bahasha, lakini mfumo haushiki mbao ukasikia kama ni mbichi.

Paa letu liliezekwa mara ya pili na yule mzee. Ukijumlisha malipo ya kijana na ya mzee, darasa lile lilitugharimu karibu mara mbili ya bei tuliyoikataa. Karani alipoandika hesabu katika daftari la kamati, hapakuwa na safu ya kuandika nani alipigiwa makofi. Ningeandikwa mimi.