Mstari Mmoja wa Kuitambulisha Programu

Mwaka 1985, aliyeitaka Emacs, programu ya kuhariri maandishi, naye hana mtandao alimtumia mtungaji wake, Richard Stallman, dola 150, akaletewa kanda ya sumaku kwa posta. Programu yenyewe ilikuwa huru: kuinakili ruksa, kuifumua na kuirekebisha ruksa. Lakini mtu hatoi dola 150 kununua kanda ya kitu asichowahi kukisikia. Upande huu wa historia ya programu huria hausimuliwi sana. Waliotunga programu tunawataja kwa majina. Waliowaambia watu kwamba programu fulani ipo na inafanya kazi gani tumewasahau, nami naona tumewadhulumu.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha McGill kilichoko Montreal, Alan Emtage, mwanafunzi kutoka Barbados, alitengeneza Archie. Wakati huo programu zilikuwa zimetapakaa kwenye seva za vyuo mbalimbali, na kila seva ilikuwa na orodha yake. Archie ilizikusanya orodha hizo mahali pamoja, na wengi huihesabu kuwa injini ya kwanza ya kutafutia vitu kwenye intaneti. Ila ilitegemea hasa majina ya mafaili. Aliyetaka kupanga kurasa za kitabu chenye hesabu nyingi mara nyingi alitoka mikono mitupu, mpaka amkute mtu wa kumwambia kwamba programu anayoihitaji inaitwa TeX. Archie ilimfaa anayejua tayari.

Suluhisho lililodumu lilitoka kwa watu wa Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Debian hukusanya programu za watu wengine na kuzifunga katika vifurushi vilivyo tayari kusakinishwa. Kila kifurushi lazima kiwe na maelezo: kwanza mstari mmoja usiofika herufi 80, kisha aya moja au zaidi. Kanuni zao zinataka maelezo hayo yaandikwe kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukutana na programu hiyo, yamtosheleze kuamua kama aisakinishe au aiache. Naipenda kanuni hii kuliko nyingine zote za mradi ule, kwa sababu inamweka mbele mgeni. Jina Audacity halimwambii mtu lolote. Maneno “kihariri cha sauti” yanamaliza kazi.

Toleo la Debian la Juni 1996 lilikuwa na vifurushi 474. Mtu mwenye subira angeweza kuipitia orodha yote jioni moja. Mwaka 1999 ikaja APT, iliyomwezesha mtumiaji kuandika neno na kuletewa kila kifurushi chenye neno hilo katika maelezo yake. Vifurushi navyo viliendelea kuongezeka, na toleo la 2023 lina zaidi ya 64,000. Kwa wingi huo, kutafuta neno “picha” kunaleta matokeo mengi mno, na mgeni hajui aanzie wapi.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Mwitaliano Enrico Zini alilishughulikia tatizo hilo kwa mradi aliouita Debtags. Wazo aliliazima kutoka maktaba. S. R. Ranganathan, mwanahisabati wa Madras aliyegeuka kuwa mkutubi, alitoa mwaka 1933 mfumo wa kuainisha vitabu ambao haukukilazimisha kitabu kukaa katika fungu moja tu. Ulikitazama kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Zini alifanya hivyohivyo kwa programu: inatumika kufanya nini, inashughulikia mafaili ya aina gani, inaendeshwa kwa dirisha au kwa amri. Lebo hizo zilibandikwa na watu wa kujitolea, kifurushi kimoja baada ya kingine. Mwaka 2011 wajumbe wa miradi mikubwa ya Linux, Debian ikiwemo, walikutana Nuremberg, Ujerumani. Mkutano huo ukazaa AppStream, utaratibu wa pamoja wa kuzipa programu maelezo, aikoni na picha za skrini.

Kwetu, kazi ya jirani na hiyo ilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo menyu humsaidia mtu aliyekwisha kuifungua programu. Anayeitafuta bado anahitaji ule mstari mmoja, tena kwa lugha anayoielewa. Debian imekuwa na mpango wa kutafsiri maelezo ya vifurushi tangu 2001, na anayejiunga hahitaji kujua kuandika programu hata chembe. Anachukua kifurushi, anasoma maelezo yake, anayaandika upya kwa lugha yake, na wenzake wanayapitia kabla hayajakubaliwa. Walimu wetu wa Kiswahili na wahariri wa magazeti wanaweza kuianza kazi hiyo leo, wakitangulia na programu za shule: za hesabu, za ramani, za kuchapa vitabu.