Wageni wa Kaskazi Ambao Bado Wanakuja

Kila mtoto wa Unguja aliyepita skuli anazijua habari za majahazi ya kaskazi. Amefundishwa kwamba upepo huo ukishika, kuanzia Disemba hivi, vyombo vilikuwa vikishuka kutoka Ghuba, Oman na Bara Hindi vikiwa na tende, chumvi na papa mkavu. Na kwamba ukigeuka kusi, mwezi wa Aprili au Mei, viliondoka na karafuu, nazi na boriti. Habari hizo zimo vitabuni, zimo nyimboni, na mgeni anayetembezwa Mji Mkongwe hasimami barazani dakika tano kabla ya kuhadithiwa. Majahazi yale leo hayaji tena kama yalivyokuwa yakija. Meli za mvuke ziliyapunguza, mafuta ya Ghuba yakawapa mabaharia kazi nyengine nyumbani kwao, na siasa za miaka ya 1960 zikamaliza kilichobaki.

Lakini, ndugu msomaji, wapo wageni wengine wa njia ile ile ambao hawakuacha kuja. Hawakupiga muhuri bandarini wakati wa Sultani, wala wakati wa Mwingereza, wala baada ya Mapinduzi. Wanakuja mpaka leo kwa maelfu, na sisi wenyeji wengi hatuwajui hata kwa majina. Nazungumzia ndege wa pwani.

Wenzetu wa Ulaya huyaita majira haya ya baridi. Kwetu ni jua kali la kaskazi, na ndiyo sababu hasa ya ndege hawa kuja. Huko kaskazini mwa dunia, ardhi ikiganda barafu, mdudu na mnyoo hapatikani. Ndege huondoka mapema kabla hawajafikwa na njaa. Wa kwanza hutua pwani zetu tangu Agosti, na ifikapo Oktoba na Novemba wengi wameshawasili. Kwa hiyo ndege walikuwa wakiyatangulia majahazi. Kurudi ndiko walikokuwa wakikaribia kwenda pamoja, kwani mwezi wa Aprili, kusi inapoanza kunusa, ndege nao hunyanyuka makundi kwa makundi kurudi kwao kutaga.

Ni nani hawa? Wapo wale wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji kama waliotiwa ufunguo, ambao Waswahili huwaita vitwitwi. Jina ni moja lakini ndani yake mna kabila nyingi. Wapo wanaotaga katika Mongolia na Asia ya Kati. Wapo wanaotoka Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Mmoja wao, mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, ana uzito wa gramu 60 hivi. Ukimtia mfukoni hujui kama umebeba kitu. Wapo sululu, wakubwa zaidi, wenye mdomo mrefu uliopinda kama chombo cha kuchimbia tunachokiita kwa jina hilo hilo. Na juu ya maji wapo shakwe na membe, ambao kila mvuvi huwatazama ili ajue samaki wako wapi.

Katika wote hao, yuko mmoja ambaye historia yake ni historia yetu. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama kisu cha mchinjaji, alioumbiwa kuvunjia kaa. Duniani kote hukadiriwa kuwa baina ya 60,000 na 80,000 tu. Huyu hatagi Siberia. Hutaga katika visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Bahari ya Sham na pwani za jirani, kikiwemo kisiwa cha Bubiyan cha Kuwait. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja, na joto la mchanga likamsaidia kuatamia. Msimu wa uzazi ukisha, sehemu kubwa ya ndege hao hushuka mpaka mwambao wetu: Mida huko Kenya, mashariki na kusini mwa Unguja, Mafia, na delta ya Rufiji.

Itazame njia hiyo kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka 1938 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, baharia na mpiga picha, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden. Nahodha alikuwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Walishuka na kaskazi mpaka Mombasa na Unguja, wakaingia Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha wakarudi Kuwait mwaka 1939. Boriti zile ziliezekea nyumba za Kuwait. Na katika mikoko na matope ya Rufiji walikotoka, ndiko yule mla kaa wa Ghuba anakoshinda miezi yake ya kaskazi. Watu na ndege walifuata njia moja, kwa kuwa upepo ni mmoja na chakula ni kimoja: pwani yenye matope, mikoko na maji yanayokupwa mbali.

Sasa tuulize: ni nani aliyeandika habari za wageni hawa? Wazee wetu wavuvi waliwajua. Kina mama wanaochokoa chaza na wanaokokota uduvi waliwajua. Lakini elimu yao ilikaa kichwani, na kichwa kikifukiwa elimu nayo hufukiwa. Walioandika walikuwa wageni, tena maofisa wa serikali ya kikoloni katika saa zao za mapumziko. John Kirk, aliyekuja Unguja mwaka 1866 akiwa tabibu na baadaye akawa balozi wa Uingereza, alikusanya mimea na wanyama, na kima punju wetu mpaka leo amebeba jina lake katika vitabu vya sayansi. J. H. Vaughan alichapisha orodha ya ndege wa Unguja na Pemba katika jarida la Ibis la Uingereza mwaka 1929 na 1930. Akafuata R. H. W. Pakenham, ambaye mwaka 1937 alimtambulisha kwa wanasayansi yule bundi mdogo wa Pemba asiyepatikana pengine popote duniani, na mwaka 1979 akatoa kitabu kamili cha ndege wa visiwa hivi viwili.

Tuwape haki yao. Bila ya orodha zile tusingekuwa na kipimo chochote cha kujua jana palikuwa na nini. Lakini tuseme pia kwamba zama zile kumjua ndege aghalabu kulikuwa ni kumpiga risasi. Ngozi ilijazwa pamba, ikafungwa kikaratasi mguuni chenye tarehe na mahali, ikapelekwa makumbusho. Risasi ilikuwa ndiyo kamera yao, na kile kikaratasi ndicho kilichoifanya ngozi kuwa hati.

Na kamera zenyewe je? Unguja haikuchelewa kuziona. James Augustus Grant alipiga picha hapa mwaka 1860, alipokuwa njiani na Speke kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Kirk naye alikuwa mpiga picha. Katika karne ile ile ya 19 A. C. Gomes alifungua studio yake mjini, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Picha za mafundi hao ndizo zinazotuonesha leo Forodhani ya zamani, bandari iliyojaa milingoti, maharusi, masultani na wakuu wa serikali. Mtu akitaka kujua nyumba fulani ilikuwaje kabla haijaanguka, hukimbilia picha zao.

Ndege wa pwani hawakupata bahati hiyo, na sababu kubwa ni ya kiufundi. Sahani za kioo za zamani zilitaka mtu akae kimya, naye kitwitwi hatulii hata nukta moja. Lenzi ya kuvuta mbali ilikuwa ghali kupita mshahara wa mwaka. Na hata filamu ziliporahisishwa, mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Nani angezimaliza kwa ndege wakati harusi inamngoja? Mjini, ndege aliyejulikana zaidi serikalini ni kunguru, aliyeletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akageuka balaa, akala vifaranga na mayai ya ndege wengine, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaendeshwa kampeni kubwa ya kumuua. Aliyetudhuru tukamhesabu. Wasiotudhuru hatukuwahesabu.

Na asiyehesabiwa hajulikani anapopungua. Hapo ndipo penye jambo zito. Mji Mkongwe wenyewe ulikuwa karibu ni kisiwa. Mkono wa bahari uliutenga na Ng'ambo, na maji yakikupwa yaliacha matope, na matope ya namna hiyo ndiyo sahani ya ndege wa pwani. Mkono ule ukajazwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Viwanja vya Mnazi Mmoja vimekaa juu yake, na Barabara ya Creek, ambayo sasa ni ya Benjamin Mkapa, imebakiwa na jina la zamani tu midomoni mwa watu. Wangapi walikuwa wakishuka pale kila kaskazi? Hakuna picha ya kutujibu.

Leo shinikizo limetoka mjini likaenda shamba. Mikoko hukatwa kwa kuni na makaa. Mahoteli yameshika ukingo wa mashariki. Mwani, uliooteshwa kule tangu mwaka 1989 na kuwapa kina mama fedha zao wenyewe, nao umo katika mchanga ule ule ambao ndege hula. Sisemi mama wa mwani aondoke; yeye na kitwitwi wote wanaishi kwa kupwa na kujaa, na pwani ikiharibika wanaharibikiwa pamoja. Nasema tujue tulicho nacho kabla ya kukigawa. Mwaka 2024 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimtia katika daraja la walio hatarini yule mdogo wa gramu 60 atokaye Siberia, pamoja na ndugu yake mkubwa wa kijivu, ambao wote wawili ni wageni wetu wa kila mwaka. Wanapungua njiani, wanapungua wanakotaga, na wanapungua wanakokula.

Si kwamba hakuna kilichofanywa. Ghuba ya Menai ilitengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa Afrika, Ulaya na Asia wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama. Lakini mkataba hauhesabu ndege. Anayehesabu ni mtu aliyesimama pwani.

Jirani zetu wa Kenya wametuonesha kuwa kazi hii ina faida. Mida, karibu na Watamu na magofu ya Gede, pamejengwa njia ya mbao juu ya mikoko na kibanda cha kuchungulia. Mgeni hulipa, humtazama mla kaa, hupiga picha zake akaenda zake. Na fedha zile, chini ya mpango wa A Rocha Kenya, husaidia kulipia watoto wa vijiji vya jirani masomo ya sekondari. Waswahili wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone. Pale Mida mgeni mwenye mbawa amemleta mgeni mwenye kamera, na mwenyeji amepona. Sisi tunayo njia ya mbao katika mikoko ya Pete, tunayo Chwaka, tunalo tope la Uzi karibu na Unguja Ukuu, bandari ya kale kuliko Mji Mkongwe wenyewe. Kilichobaki ni sisi kuamka.

Tena haitaki utajiri. Maji yakikupwa ndege hutawanyika mbali na hutaona ila vidoto. Ngoja siku za bamvua, ufike pwani saa mbili kabla maji hayajajaa. Bahari itawasukuma kuja kwako, hatua kwa hatua, mpaka wakusanyike kwenye kipande kidogo cha mchanga. Jua liwe mgongoni mwako, ukae chini, usiwakurupushe, kwani kila wanaporuka wanachoma mafuta wanayoyaweka kwa safari ya Aprili. Simu ya kawaida, ikiwekwa nyuma ya darubini ya kuazima, hupiga picha inayotambulika.

Halafu andika tarehe, mahali na idadi. Hilo ndilo linalonifanya nilete habari hii leo. Picha bila tarehe ni pambo. Picha yenye tarehe na mahali ni hati, kama zilivyo hati picha za Oza za mji huu. Mwalimu wa skuli ya Chwaka, ya Unguja Ukuu au ya Bwejuu akiwatoa wanafunzi wake mara moja tu kila Januari, mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa kote Afrika, baada ya miaka kumi atakuwa na daftari ambalo Kirk hakuwa nalo, wala Vaughan, wala Pakenham. Litakuwa limeandikwa na wenyeji, kwa lugha yao, bila ya kupigwa risasi hata moja.

Majahazi ya kaskazi tuliyaacha yakaondoka, na sasa tunayatafuta katika picha za watu. Tusingoje mpaka ndege nao tuwatafute huko.