Filamu ya Serengeti na Wahakiki Wasioulizwa

Makala hii ilizaliwa na ubishi wa banda la gemu hapa Mugumu. Vijana wawili walikuwa wakibishania Cyberpunk 2077, mchezo wa video wa kampuni ya CD Projekt Red ya Poland uliotolewa tarehe 10 Desemba 2020. Ni mchezo wa dunia iliyo wazi: umepewa mji mzima, unakwenda utakako, unapigana, unamkuza mhusika wako na kuamua mwenyewe mwisho wake. Mmoja akasema kazi kubwa kama ile haijatokea. Mwenzake akamjibu, "Kubwa kweli, bwana, lakini watu wa mle ndani mbona walikuwa kama vinyago? Ulikuwa ukiegesha gari njiani hawajui hata kukuzunguka." Wahakiki wa nchi za nje nao waligawanyika hivyo hivyo. Walisifu upana wa ule mji na hadithi zake, wakalaumu hitilafu. Kwenye mashine za zamani mchezo ulikwama mno, hata Sony wakauondoa katika duka lao la mtandaoni kwa miezi kadhaa. Matengenezo makubwa yalikuja Septemba 2023, karibu miaka mitatu baadaye.

Nikiwa pale nimeegemea nguzo, nikawaza kwamba sisi wa Serengeti tuna kesi inayofanana na hiyo, tena ya zamani zaidi. Ni ya filamu. Na dunia iliyo wazi ndani yake si mji wa kubuni, ni kwetu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Profesa Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Baada ya filamu yake ya kwanza ya Afrika, iliyotoka mwaka 1956, alitaka fedha alizopata zitumike kununua ardhi kwa ajili ya wanyama wa Serengeti. Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, akampa ushauri mwingine: aje kwanza awahesabu wanyama na kuzifuata njia zao, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa ikijiandaa kuchora upya mipaka bila kujua nyumbu wanakwenda wapi. Basi Desemba 1957 Grzimek na mwanawe Michael waliruka kutoka Frankfurt kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Mapema mwaka 1958 walikuwa wakipita chini chini juu ya mbuga, wakihesabu kwa macho. Walipata wanyama wakubwa zaidi ya 360,000, na kati yao nyumbu karibu 99,000.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake. Ndege iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba yake aliikamilisha filamu, ikatoka mwaka huo huo kwa jina lililosema kwamba Serengeti haipaswi kufa. Aprili 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya kumbukumbu. Kitabu chenye jina hilo hilo kikatafsiriwa kwa lugha nyingi.

Sifa zake si za bure. Ni watu wachache waliokuwa wamewahi kuona misafara ya nyumbu kutoka angani namna ile, na ni watu wachache waliokuwa wamelipa gharama kama aliyolipa mzee yule. Lakini filamu haikusifiwa na kila mtu, wala kwa kila jambo. Bodi ya kupima filamu ya Wiesbaden, huko huko Ujerumani, ilikuwa tayari kuipa daraja la juu kwa sharti kwamba baadhi ya maneno yaondolewe. Miongoni mwake ni pale Grzimek anapowafananisha wanyama wa Afrika na majengo kama Acropolis ya Athens, akisema ni mali ya wanadamu wote ambayo mtu yeyote, mweusi au mweupe, hana ruhusa ya kuigusa. Grzimek akakataa kata kata, maneno yakabaki.

Wataalamu wa wanyama nao walikuwa na lao. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa tena, safari hii kwa picha zilizopigwa angani, wakapatikana zaidi ya 200,000. Ni kweli nyumbu walikuwa wameanza kuongezeka, lakini si rahisi waongezeke maradufu kwa miaka mitatu. Yaelekea wengi waliruka macho ya baba na mwana. Kosa la namna hiyo halina aibu. Mwenye kuhesabu kwanza hukosolewa na mwenye kuhesabu pili.

Kosa kubwa liko kwingine. Watu waliogombana juu ya filamu hii walikaa Wiesbaden, London, Arusha na Los Angeles. Waliuliza kama picha ni nzuri, kama hesabu ni sahihi, kama mpaka upite huku au kule. Grzimek mwenyewe alipinga Ngorongoro isitengwe na hifadhi, maana aliamini nyumbu wangekosa malisho. Na aliandika wazi kwamba ndani ya hifadhi ya taifa asiishi mtu, hata mwenyeji. Wazee wa Kimaasai walitia sahihi mwaka 1958 kukubali kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa. Huku kwetu magharibi hatukutajwa hata kwa kiasi hicho. Tulitokea kwenye simulizi lile kama majangili: mtu na tanzi lake la waya, mtu na mshale wake wa sumu, mnyama anayekufa. Jina hana, kijiji hana, babu hana.

Sasa tujiulize, ile nyika iliyoonekana tupu kutoka angani ilikuwa tupu tangu lini? Mnamo mwaka 1890 na kuendelea, sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ilipita Afrika Mashariki ikawaua ng'ombe pamoja na nyumbu na nyati. Ikafuata njaa, na magonjwa ya watu. Mahali palipokuwa na mifugo pakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na waliosalia wakahama. Pori la akiba lililotangazwa mwaka 1929, na hifadhi ya taifa iliyofuata mwaka 1951, vilichorwa juu ya nchi ambayo msiba huo ulikuwa umeibadilisha sura. Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme walikuwa na majina ya vilima na chemchemi za huko, na mahali pa matambiko ya wahenga wao. Waikoma wa Robanda mpaka leo wana Machaba, zile pembe mbili za tembo zinazotunzwa na kuheshimiwa na kabila zima. Watu wenye alama ya namna hiyo unawezaje kuwaita maadui wa wanyama halafu ukaishia hapo?

Upande wa Tarime nao una kisa chake. Katika miaka ya 1960 Lamai, ile kabari ya ardhi kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, iliingizwa ndani ya hifadhi ili nyumbu wapate njia. Kwa ramani ni kipande kidogo. Kwa Mkurya aliyelima na kuchunga kule, ni shamba na malisho ya ng'ombe wa mahari. Ndiyo maana ukitaja habari ya mpaka katika vijiji vya kandokando ya mto, mazungumzo hubadilika sauti.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonikalia moyoni. Nyumbu walioonekana wachache mwaka 1958 walivuka milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Waliponaje? Sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa wafugaji kuzunguka hifadhi walichanjwa sotoka, na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu mapema miaka ya 1960. Yaani sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji, yule yule aliyehesabiwa kuwa tishio, ndiyo iliyookoa misafara inayoletea nchi watalii. Filamu haikulisema hilo, na kwa haki isingeweza kulijua wakati ule. Lakini sisi tunalijua.

Je, tuitupe filamu ile? La hasha. Bila kelele zake huenda dunia ingeisahau Serengeti, na huenda hata mimi nisingejua tembo zaidi ya ile picha ya kwenye noti. Grzimek alifariki mwaka 1987, majivu yake yakawekwa karibu na mwanawe, na nadhani mtu aliyezika mtoto kwa ajili ya nchi yetu anastahili salamu zetu. Ila salamu si kufumba macho. Marekebisho yamekwisha kuanza: mwaka 2007 mwanahistoria Jan Bender Shetler alitoa kitabu kilichojengwa juu ya masimulizi ya wazee wa Serengeti ya magharibi, na mwaka 2020 Thomas Lekan akatoa kingine juu ya Grzimek mwenyewe. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na walioviandika ni wageni.

Yule kijana wa banda la gemu aliona kasoro iliyo kubwa kuliko mashine kukwama: dunia imetengenezwa pana, na watu wake wamefanywa mapambo. Gemu lile lilirekebishwa na waliolitengeneza. Hadithi ya Serengeti haina kampuni ya kuirekebisha. Inawangoja wajukuu wa Robanda, wa Nata, wa Nyamongo, wakae na bibi na babu wakati bado wapo, waulize vilima vile viliitwaje kabla ya ndege ya milia kupita juu yake, na waandike kwa lugha ambayo bibi akisomewa ataelewa na, akipenda, atabisha.