Chepe Walishika Wao, Kalamu Walishika Wengine

Mwaka 1969 mwanafunzi wa Kimarekani, Peter Schmidt, alifika Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, kutafuta habari za kuandikia tasnifu yake ya udaktari. Alikuja kuchimba, lakini kwanza alikaa na wazee. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, walimsimulia habari za Mukama (mfalme) Rugomora Mahe na mti mkubwa wa Kaiija, mahali ambapo chuma kilifuliwa ili kujenga mnara wa kufika mbinguni. Mtu mwingine angesikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuchimba anakotaka mwenyewe. Schmidt alichimba pale pale walipomwonyesha, akakuta mkaa, mavi ya chuma na vigae vya vyungu. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba moto ule uliwashwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Hapo ndipo ninapoianzia historia ya somo la akiolojia nchini mwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kulifundisha mwaka 1985, likiwa chini ya Idara ya Historia, Schmidt alikuwa miongoni mwa walioliasisi. Aliyoyajua alipoingia darasani alikuwa ameyapata, kwa sehemu kubwa, kwa wazee wa kando ya ziwa hili. Wanafunzi wa Mwanza, Geita, Mara na Kagera wanaosafiri siku nzima au zaidi kwenda Dar es Salaam kusoma fani hii wanapaswa kulijua hilo. Wanakwenda kufundishwa jambo ambalo chimbuko lake liko kwao.

Kabla ya 1985 hali ilikuwa nyingine. Mwafrika aliyeonekana kwenye shimo la akiolojia aghalabu alikuwa kibarua, mpishi au dereva. Mwaka 1929, huko Luzira karibu na Kampala, wafungwa waliokuwa wakichimba walifukua kichwa cha udongo cha kale ambacho leo kiko Makumbusho ya Uingereza, London. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, kijana wa Kikenya aliyeanza kama mfanyakazi wa familia ya watafiti ya Leakey, aligundua taya la zamadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Jicho lake lilikuwa kali kuliko la wasomi wengi, lakini shahada ya fani hii hakuwa nayo. Watanzania wachache waliopata nafasi ya kusoma walilazimika kwenda mbali. Fidelis Masao alipata udaktari wake Canada katika miaka ya 1970, kwa utafiti wa michoro ya miambani ya katikati ya Tanzania.

Mwanza nayo ilipimwa na wageni. Katika miaka ya 1960 watafiti Soper na Golden walizunguka mkoa huu wakikagua mapango na miamba, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 1969 katika jarida la Azania. Humo yamo majina ya mapango ambayo kila mwanafunzi wa historia ya ziwa hili hukutana nayo: Nyang'oma na Chole. Michoro ya miambani ya kanda ya ziwa, ile ya miduara na mistari, ilikusanywa na James Chaplin, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1974. Zilikuwa kazi nzuri na bado tunazitegemea. Tatizo ni kwamba ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa mbali, na mwenye shamba chini ya mwamba hakupata hata nakala moja.

Pale Nyang'oma kulipatikana vigae vya aina iitwayo Kansyore, jina la kisiwa kilicho katika Mto Kagera. Wanafunzi wengi hushtuka wanapofika hapa. Shuleni tumezoea kukariri kwamba watu walianza kulima, ndipo wakafinyanga vyungu. Watu wa Kansyore walikuwa wavuvi, wawindaji na waokota matunda, na vyungu walikuwa navyo maelfu ya miaka kabla jembe la chuma halijafika ziwani. Kigae chao ukikiweka kiganjani unaona safu za vidoti vilivyogandamizwa udongo ukiwa bado mbichi, kwa kitu chenye meno, safu juu ya safu, mkono ukienda kwa haraka ya mtu aliyezoea. Kiweke kando ya kigae cha Urewe, cha wahunzi na wakulima waliokuja baadaye: mdomo umekatwa bapa kwa ustadi, mistari imechorwa kwa utulivu, na kitakoni kuna kibonyeo kama kilichotiwa kwa ncha ya kidole. Mwanafunzi akishavishika vyote viwili, hahitaji tena kukariri kwa ajili ya mtihani.

Lakini kufikia hapo kuna jasho. Vijana wenyewe husema wanakwenda fildi, na wengi hudhani ni matembezi. Siku ya kwanza hupigwa vigingi, huvutwa uzi, na shimo la mita moja kwa moja hugawanywa kwa vipimo. Udongo hauchimbwi kwa sururu kama wa msingi wa nyumba. Hukwanguliwa kwa mwiko, sentimita chache kwa wakati, na kila karai hupelekwa kwenye chekecheke. Mapango mengi ya kanda hii yametumika kama mazizi, kwa hiyo tabaka la juu ni vumbi la mavi ya mbuzi linalojaa puani na kwenye nywele. Mchana kutwa unaweza kupata vipande vitatu vya jiwe jeupe la kwatzi na mfupa mmoja wa samaki. Jioni, wenzako wa kozi nyingine wakiwa wamepumzika, wewe unaosha vigae kwa mswaki, unavianika kivulini na kuviandika namba ndogo kwa wino. Namba ikikosewa, kigae kinabaki kuwa kipande cha chungu tu, kwa sababu hakuna tena ajuaye kilitoka shimo gani wala tabaka gani.

Jambo gumu zaidi huwa ni kueleweka kijijini. Ukionekana na ramani na uzi, habari inayotangulia ni kwamba mmekuja kufukua mali ya Mjerumani. Imani hiyo imeenea nchi nzima, na huko Kondoa baadhi ya mapango yenye michoro yamechimbwa na kuharibiwa na watu wanaosaka hazina hiyo. Kanda ya ziwa ina sababu yake ya ziada: Geita iko humu humu, na hapa dhahabu kweli hutoka ardhini. Siwalaumu wanaoshuku. Mgeni anayechimba, anayefunga alichokipata kwenye mifuko na kuondoka nacho, anafanana sana na mwizi. Wanafunzi wenye busara huanza kwa mzee wa kitongoji. Anayesema "Shikamoo, babu", akakaa, akaeleza shida yake na kuulizia majina ya milima, mara nyingi hujibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, kwani walimu wenu hawakuwaambia kwamba kule juu kulikuwa na wafua majembe?"

Na majembe hayo yapo katika kumbukumbu. Warongo wa Buzinza, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, walisifika kwa kuyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani. Buhaya, mwaka 1976, Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee wajenge tanuri upya, kazi ambayo ilikuwa imekufa kwa miongo kadhaa kwa sababu ya majembe ya kiwandani. Wazee walikumbuka kwa mikono. Walijenga tanuri, wakachoma matete ya kinamasi shimoni, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani ya moto ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye mkaa. Walikosea mara kadhaa, wakasahihishana, mpaka chuma kikatoka. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978 na kuzua mjadala mkubwa duniani kuhusu ustadi wa wahunzi wa Afrika. Wataalamu bado wanabishana juu ya maelezo ya mirija ile. Hakuna anayebisha kwamba chuma kilitoka.

Matunda ya 1985 yanaonekana. Felix Chami, Bertram Mapunda na Audax Mabulla ni miongoni mwa Watanzania waliofundisha na kuandika kwa kalamu zao wenyewe, na mwaka 2005 Mabulla alichapisha utafiti wake kuhusu michoro ya miambani ya Mkoa wa Mara. Wazazi wanaouliza mtoto ataajiriwa wapi baada ya kula bumu miaka mitatu wajue kwamba miradi mikubwa, kama vile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, huhitaji wakaguzi wa mambo ya kale kabla katapila halijapita.

Mwanza kwenyewe, hata hivyo, mawe yanakwisha. Miamba iliyowapa kivuli watu wa Kansyore ndiyo inayopasuliwa kwa moto na nyundo kuwa kokoto za nyumba zetu. Wanaoipasua wanatafuta ada za shule, na sitawaambia waache. Ninachotaka ni orodha itangulie nyundo. Ripoti ya Soper na Golden imepita nusu karne, na mji umepanda milima tangu hapo. Wanafunzi wanaotoka kanda hii wangeweza kuifanya orodha mpya wakati wa likizo ndefu, pango kwa pango, bila kuchimba, maana kuchimba kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Wawe na simu ya kuchukua majira ya mahali, daftari, na barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa. Wapasua kokoto walipwe posho ya kuwaongoza, na majina yao yaandikwe kwenye ripoti, ukurasa wa kwanza.