Malimbuko katika Nyanda za Juu Kusini

Wamisionari Wamoravian walipoanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891, walihubiri Maandiko yaliyojaa ngano, mizabibu na mizeituni kwa Wanyakyusa, watu walioishi kwa ndizi, maziwa na ulezi. Hata hivyo, wazo kwamba chakula hubeba maana ya kiroho halikuwa geni kwao, kwani Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alionyesha nafasi ya ulezi na migomba katika matambiko, yaani ibada za kuwakumbuka mababu. Kwa hiyo fundisho la Biblia lililowakaribia zaidi kuliko hata lile la mkate na divai ni la malimbuko, ambayo ni mazao ya kwanza yanayotolewa kwa Mungu kabla mkulima hajaonja mavuno mapya, na ambayo Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, inaagiza yatiwe kapuni na kukabidhiwa kuhani. Katika sikukuu za mavuno makanisani Mbeya, mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, maharage na kuku hupelekwa madhabahuni, huombewa, kisha hunadiwa baada ya ibada, na anayenunua mkungu kwa bei inayozidi ya sokoni naye huwa ametoa sadaka.