Kutoka Ukoo Hadi Mfuko: Safari Ndefu ya Fidia ya Majeraha

Waswahili tuna methali mbili zisizopatana. Moja yasema ajali haina kinga. Nyingine, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ya kwanza haimlaumu mtu. Ya pili humtwika lawama yote aliyeumia. Kati ya hizo mbili ndimo ilimopita historia nzima ya fidia, na swali lake halijabadilika kwa miaka 4,000: mguu umevunjika, nani alipe?

Wengi hudhani binadamu alianza na kisasi, kisha akastaarabika akafika kwenye fidia. Maandishi tuliyonayo yanakwenda kinyume. Sheria za Ur-Nammu, mfalme wa Sumeri, za yapata mwaka 2100 KK, zinamtoza fedha aliyemvunja mwenzake mfupa. Jicho kwa jicho linaandikwa baadaye, katika sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu mwaka 1750 KK. Hata humo, jicho kwa jicho lilikuwa la waungwana wao kwa wao. Aliyemtoboa jicho mtu wa daraja la chini alilipa mina moja ya fedha, mambo yakaisha.

Katika pwani yetu, jibu lililokaa muda mrefu katika vitabu vya makadhi ni diya. Uhai wa mtu ulikadiriwa kuwa ngamia 100, na viungo vikapimwa kwa kipimo hichohicho: jicho moja nusu ya diya, kidole ngamia 10, jino ngamia watano. Lakini la kuangalia zaidi ya hesabu hiyo ni mlipaji. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, aliyeua kwa bahati mbaya hakuachwa na deni lake peke yake. Diya ilibebwa na akila, yaani jamaa zake wa kiume wa upande wa baba, nao wakailipa kwa miaka mitatu. Kwa Wasomali, mfumo wa mag, yaani diya kwa Kisomali, ulijenga juu ya msingi huo, na kundi la ukoo linalolipa pamoja likawa nguzo ya siasa yao nzima.

Mpango huo ulikuwa na hekima ambayo ni rahisi kuipuuza. Ami anayetoa ngamia kwa ajili ya mtoto mzembe wa ndugu yake hatoi akanyamaza. Atamwita, atamkaripia mbele za watu, na safari ijayo atamkataza. Mkono uliolipa ulikuwa pia na ulimi.

Mawazo ya kwamba kila mtu abebe msiba wake mwenyewe yalishika nguvu Uingereza katika karne ya 19. Mwaka 1809 mahakama ilisikiliza kesi ya Butterfield, mpanda farasi wa mji wa Derby. Mtu aitwaye Forrester, akitengeneza nyumba yake, alikuwa ameweka mti uliofunga sehemu ya njia. Butterfield alitoka kwenye kilabu cha pombe jioni, akaenda mbio, akaugonga mti, akaanguka. Mahakama iliona kwamba angekuwa mwangalifu angeuona, naye Butterfield akaondoka mikono mitupu. Huo ndio mwiba wa kujichoma, umevaa joho la jaji.

Kesi ya pili ilikuwa nzito zaidi. Priestley, mtumishi wa mchinjaji nyama, alivunjika paja baada ya gari la mizigo lililojazwa kupita kiasi kuvunjika. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100. Mwaka 1837 jaji Lord Abinger aliifuta tuzo hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtumishi huijua hali ya gari sawa na bwana wake, na kwamba tajiri akianza kushtakiwa kwa makosa ya mpishi na mjakazi, mashtaka hayatakuwa na mwisho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu hapo, mfanyakazi aliyeumizwa na kosa la mfanyakazi mwenzake hakuwa na la kumdai mwajiri.

Viwanda vilipozidi, majibu hayo hayakuweza kustahimili idadi ya walemavu. Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884. Waajiri wa kila fani waliwekwa katika vyama, wakachangia pamoja, na vyama hivyo vikapewa nguvu ya kuweka kanuni za usalama viwandani. Pasipo kukusudia, Wajerumani walikuwa wameiunda upya akila: wanaolipa kwa pamoja na kukaripiana. Uingereza ilifuata mwaka 1897, ikaruhusu fidia kazini bila kuthibitisha uzembe wa mwajiri.

Tarehe hiyo ina ukakasi kwa Afrika Mashariki. Wakati sheria inapita London, reli ya Uganda ilikuwa imeshaanza kujengwa kutoka Mombasa. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa makwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Simba wa Tsavo waliokula vibarua ndio wanaokumbukwa, ilhali maradhi na ajali vilikula zaidi. Sheria ya London haikuwa imetungwa kwa ajili yao. Wakati huohuo mamlaka ya makadhi yalikuwa yakibanwa hadi ndoa, talaka na mirathi, na diya ikatoka mahakamani.

Fidia kwa wafanyakazi ilikuja Kenya na Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940, muongo ambao makuli wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam waligoma mwaka 1947. Tangu hapo njia zimegawanyika mbili.

Barabarani bado tunatafuta mkosaji. Hakimu anayesikiliza kesi ya abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari hupima lawama. Akiona kwamba aliyeumia amechangia asilimia 30 ya ajali, hukata asilimia 30 ya fidia yake. Butterfield wa leo angepata kitu, ingawa si chote.

Kazini tunaelekea mfukoni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyepata ulemavu kamili wa kudumu mapato ya miezi 96 bila kumtafuta mwenye kosa, lakini inamtaka apeleke dai lake kwa mkurugenzi wa serikali badala ya kumshtaki mwajiri. Mawakili waliipinga kwa miaka, hadi Mahakama ya Juu ilipoipitisha mwaka 2019. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015, ukilishwa na michango ya waajiri. New Zealand imekwenda mbali kuliko wote: tangu mwaka 1974 mfuko wa taifa hulipia karibu kila jeraha la ajali, na mtu hawezi kumshtaki mwenzake kudai fidia ya jeraha hilo.

Hata diya yenyewe imeingia mfukoni. Katika nchi za Ghuba, dereva anayeua kwa ajali mara nyingi hulipiwa diya na kampuni ya bima. Ami na binamu wamepisha, karani wa bima ameketi mahali pao.

Kwa aliyeumia, hii ni neema: halazimiki kuwa na ukoo mkubwa wala wakili hodari. Lakini karani analipa kisha anafunga faili. Ukoo ulipotoa ngamia, kijana mzembe alijua ni ngamia wa nani.